Maziwa yamepungua? Tazama kinyesi kabla hujaongeza pumba

Bunju, Kibamba, Chanika, Kigamboni: popote Dar es Salaam panapofugwa ng'ombe wa maziwa, ndoo ikipungua dawa ya kwanza kutajwa ni pumba. Ng'ombe kakonda, mwongeze pumba. Hashiki mimba, mwongeze pumba. Mteja analalamika maziwa mepesi, pumba tena. Gunia linanunuliwa kwa bei ya kuumiza, linamiminwa horini, na mara nyingi hali inazidi kuharibika kwa sababu pumba hiyo hiyo ndiyo iliyoanzisha tatizo.

Chakula cha kutia nguvu si kitu kimoja. Nguvu iliyomo kwenye majani, kwenye pumba, kwenye molasi na kwenye mafuta ya mashudu hupita njia tofauti ndani ya ng'ombe, na kila njia huacha alama yake kwenye ndoo, kwenye malai, kwenye kinyesi na kwenye mbavu. Mwongozo huu unaanza na alama unayoiona bandani, kisha unaifuata nyuma mpaka kwenye njia iliyoziba.

Hakikisha kwanza kwamba ni chakula

Ng'ombe hufikia kilele cha maziwa kati ya wiki ya 6 na ya 8 baada ya kuzaa, kisha hushuka taratibu, kwa kawaida asilimia 8 hadi 10 kila mwezi. Kushuka huko hakuzuiwi na chakula chochote. Kamulia matone ya kwanza kwenye kikombe cheusi: ukiona mabonge au majimaji, shughulikia ugonjwa wa kiwele. Mpime joto asubuhi na mapema kabla jua halijawaka. Likipita nyuzi 39.5, fikiria homa, na kwa pwani yetu yenye kupe fikiria ndigana kabla hujafikiria hori. Angalia pia pipa la maji. Ng'ombe wa lita 15 anaweza kumaliza lita 80 au zaidi kwa siku kwenye joto letu, na siku za mgao wa maji maziwa hushuka kesho yake hata kama chakula ni kile kile.

Hayo yote yakiwa sawa, ndipo twende kwenye chakula.

Jinsi majani na pumba vinavyogeuka maziwa

Vumilia aya hizi chache, maana kila dalili inayofuata inasimama juu yake. Ng'ombe hajilishi moja kwa moja. Anawalisha vijidudu wanaoishi kwenye tumbo kubwa la kwanza, yaani rumeni, nao ndio wanaomlisha yeye. Vijidudu hao huchachusha chakula na kutoa asidi tatu zinazoingia kwenye damu: asetati, propionati na butirati. Takriban asilimia 70 ya nguvu yote anayotumia ng'ombe hutoka kwenye asidi hizo.

Nyuzinyuzi za majani huzaa zaidi asetati, na kiwele huitumia kujenga mafuta ya maziwa. Wanga wa mahindi au muhogo huzaa propionati kwa wingi, nayo hupelekwa kwenye ini na kugeuzwa glukosi. Kiwele huichukua glukosi na kutengeneza laktosi, ile sukari ya maziwa, na laktosi ndiyo inayovuta maji yaingie kwenye maziwa. Kila lita inataka karibu gramu 72 za glukosi. Ng'ombe wa lita 20, basi, lazima atengeneze karibu kilo moja na nusu ya glukosi kila siku, na sehemu kubwa mno inatengenezwa na ini lake, kwa sababu sukari na wanga anaokula humalizwa na vijidudu kabla havijafika kwenye damu. Kwa kifupi, majani hujaza malai, wanga hujaza ndoo.

Molasi huchachuka upesi zaidi ya wanga na hutoa butirati nyingi. Mafuta hayachachuki kabisa. Hupita hadi utumbo mdogo na kuingia kwenye damu, lakini yakizidi huwadhoofisha vijidudu wanaomeng'enya majani.

Sasa kuna kizuizi kimoja. Wanga ukiingia mwingi kwa mkupuo, asidi huzalishwa haraka kuliko inavyofyonzwa, na rumeni inakuwa kali. Kinachoituliza ni mate. Ng'ombe anayecheua vizuri hutoa zaidi ya lita 100 za mate kwa siku, na mate hayo yamejaa bikaboneti inayopoza asidi. Lakini anacheua pale tu anapokuwa na majani yenye urefu tumboni. Pasipo majani hakuna kucheua, na pasipo kucheua hakuna mate.

Hii haisubiri: amekula makombo ya sherehe au amevamia gunia

Ukumbi wa harusi umekupa ndoo tatu za wali na ugali uliobaki, kijana akammiminia ng'ombe mmoja. Au kamba imelegea usiku, asubuhi gunia la pumba liko nusu. Baada ya saa kadhaa ng'ombe anasimama ameduwaa, hataki kula, tumbo la kushoto limejaa na ukilisukuma linachezacheza kama mtungi wa maji, kinyesi ni maji yenye harufu ya uchachu. Baadaye anayumba, kisha analala na kushindwa kuinuka.

Rumeni imeshageuka asidi kali na maji ya mwili yanavutwa kuingia tumboni. Mpigie daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, usingoje kuche. Ondoa kila chakula cha wanga mbele yake, mwache na nyasi kavu tu, na umweleze daktari alikula nini, kiasi gani na saa ngapi. Anaweza kufa kabla ya siku kuisha. Wali na ugali si sumu. Kilo mbili zilizozoeshwa kidogo kidogo ni chakula kizuri. Ndoo tatu kwa mpigo ndizo zinazoua.

Ndoo imejaa, malai hakuna

Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu hii ndiyo dalili ya mjini kuliko zote, na ndiyo inayomharibia mfugaji jina. Mteja anachemsha maziwa, juu hapakai kitu. Anagandisha, mtindi unatoka mwembamba. Anahitimisha kwamba umetia maji.

Chukua laktomita, yaani chombo cha kupimia uzito wa maziwa, mbele yake. Maziwa halisi yaliyopoa hadi nyuzi 20 husoma kati ya 28 na 32. Ukiongeza maji, kipimo kinashuka. Lakini mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo maziwa yaliyopungua mafuta tu hayashushi laktomita. Huweza hata kuipandisha kidogo. Kipimo kikiwa kizuri na malai ni duni, kwa kawaida maji hayamo. Tatizo liko horini. Kama unapeleka maziwa kwenye kituo chenye mashine ya kupima, angalia asilimia ya mafuta: Friesian anayelishwa sawasawa hukaa kati ya 3.5 na 4, chotara huzidi hapo, na Jersey hukaribia 5. Ikiwa chini ya 3, au ikiwa ndogo kuliko asilimia ya protini, rumeni ni kali.

Kisha nenda bandani na uulize maswali kwa mtu anayelisha, si kwa mwenye ng'ombe. Kwenye banda moja la Tegeta mazungumzo kati ya kijana anayelisha na mama mwenye ng'ombe yalikwenda hivi:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu mwambie dokta, huyu mkubwa anakula nini asubuhi?"

"Pumba, mama. Ndoo nzima wakati nakamua, na mashudu juu yake."

"Na majani?"

"Majani yanakuja na guta saa tano, saa sita. Siku nyingine saa nane."

Hapo jibu limeshapatikana. Ng'ombe huyo amelala usiku kucha hori likiwa tupu, ameamka na njaa, na kitu cha kwanza kuingia kwenye rumeni ni wanga mwingi usio na kitu cha kutafuna. Kwa saa tano au sita asidi inatawala. Majani yanapofika mchana wa jua kali, hana hamu nayo.

Thibitisha kwa macho. Wakati ng'ombe wamepumzika, saa mbili hivi baada ya kula, angalau nusu yao wanatakiwa wawe wanacheua, na kila tonge linalorudi mdomoni litafunwe mara 50 au zaidi. Ukihesabu 30 au 40, majani hayatoshi. Kisha kinyesi. Cha ng'ombe mzima huanguka na kukaa kama uji mzito, na kina rangi moja. Rumeni ikiwa kali, kinalegea, kina mapovu, kinang'aa kijivu, na leo hakifanani na jana. Chukua konzi, lioshe kwenye chujio la nazi ambalo halirudi tena jikoni. Ukibaki na punje za mahindi na vipande vya majani virefu kuliko nusu inchi, chakula kinapita bila kumeng'enywa. Tazama na kwato: ng'ombe anayechechemea miguu yote bila kidonda, akisimama kwa kubadilisha uzito mguu hadi mguu, huenda ameishi na asidi kwa miezi.

Chanzo cha pili ni mashine ya kukatia majani. Majani yaliyokatwa mafupi mno, karibu kama mchicha wa kupika, yanaliwa haraka lakini hayamfanyi acheue. Inchi moja hadi mbili inatosha.

Chanzo cha tatu ni mafuta, na hapa wengi hawashuku. Mashudu ya alizeti kutoka mashine ndogo za kukamua hubaki na mafuta mengi; ukiyafinya, kiganja kinang'aa. Pumba ya mahindi ya kukobolea sembe nayo ina kiini, na kiini kina mafuta. Vyote viwili vikiwa vingi kwenye mlo mmoja, na rumeni ikiwa tayari ni kali, vijidudu huyageuza mafuta hayo kwa njia isiyo ya kawaida na kutoa aina ya mafuta ambayo ikifika kwenye kiwele inazima utengenezaji wa malai. Kiasi kidogo sana chake kinatosha. Ndiyo maana mfugaji anaweza kuongeza chakula chenye mafuta na kupata maziwa yasiyo na mafuta. Mafuta yote ya mlo yasizidi asilimia 6 ya chakula kikavu. Ukiona mashudu yanang'aa, punguza hadi kilo moja au moja na nusu kwa siku, na nafasi iliyobaki ijazwe na mashudu ya pamba yaliyokamuliwa vizuri au machicha ya bia, yaani masalia ya shayiri kutoka kiwandani.

Tiba haina gharama kubwa. Acha majani horini usiku, hata kama ni nyasi kavu. Asubuhi apate majani kwanza, pumba baadaye. Pumba isizidi kilo mbili hadi mbili na nusu kwa mlo mmoja; kama anastahili kilo sita, zigawe mara tatu. Pima kwa mizani angalau mara moja ujue ndoo yako inabeba kilo ngapi, maana ndoo ya pumba laini na ndoo ya pumba nzito hazilingani. Majani, ukiyahesabu bila maji yake, yawe angalau nusu ya mlo. Bikaboneti ya sodiamu, gramu 150 hadi 200 kwa siku ndani ya pumba, husaidia kutuliza asidi wakati unarekebisha. Usidhani ndiyo beking pauda; ni vitu viwili tofauti. Bikaboneti haichukui nafasi ya majani, na anayeitegemea peke yake anapoteza fedha.

Tumbo limejaa, ndoo haijai

Hii ni ya Julai hadi Oktoba, mvua zikiwa zimekata na majani yanayoletwa na kirikuu kutoka mabonde ya Ruvu na Mpiji yamekomaa hadi kuwa miti. Ng'ombe anakula kutwa, tumbo linaning'inia, kinyesi ni kikavu chenye tabaka, maziwa ni lita nne.

Fanya hesabu. Ng'ombe chotara wa kilo 400 anahitaji karibu megajuli 45 za nguvu kwa siku kuishi tu, na takriban megajuli 5 kwa kila lita anayotoa. Majani ya tembo machanga, yaliyokatwa yakiwa na urefu wa mita moja hivi, yana karibu megajuli 8.5 kwa kilo ukishaondoa maji, na anaweza kula kilo 12 za aina hiyo. Hiyo ni 102. Toa 45, inabaki 57: lita 11 bila pumba hata chembe. Majani yale yale yakiachwa yafike mita mbili na nusu, nguvu hushuka hadi 7 au chini, na kwa kuwa yanakaa tumboni muda mrefu, ng'ombe anaishia kilo 9. Hiyo ni 63. Inabaki 18, yaani lita tatu na nusu. Majani ni yale yale kwa jina, na pengine umeyalipia zaidi.

Wengi hapa huongeza pumba, na inasaidia kidogo. Lakini tazama kilichokwama: nyasi zilizokomaa zina protini chini ya asilimia 7, na kwa kiwango hicho vijidudu wenyewe wana njaa. Hawazaliani, kwa hiyo nguvu iliyofungwa kwenye nyuzinyuzi haifunguliwi. Kinachofungua ni protini. Kilo moja ya mashudu, au ndoo ndogo ya machicha ya bia, au majani ya mti wa lusina yaliyonyauka kidogo, huweza kumfanya ale zaidi na ameng'enye zaidi nyasi zile zile. Katika hali hii, shilingi iliyowekwa kwenye mashudu inazaa kuliko iliyowekwa kwenye pumba. Baada ya hapo ndipo pumba: kilo moja kwa kila lita mbili juu ya zile ambazo majani yanaweza kubeba.

Na uikague pumba yenyewe. Iliyochanganywa na maganda ya mpunga au mchanga haina nguvu ya kutoa. Mimina konzi kwenye glasi ya maji, koroga, uache itulie: mchanga huzama chini, maganda ya mpunga huelea na kukwaruza ukiyasugua kwa vidole.

Anashiba machicha, lakini anakonda na hashiki mimba

Dar tuna bahati ya viwanda vya bia, na machicha ni chakula kizuri. Tatizo ni kudhani kwamba ni pumba yenye maji. Wanga wa shayiri umeshaenda kwenye bia. Kilichobaki ni protini, nyuzinyuzi laini na mafuta kiasi. Zaidi ya robo tatu ya uzito wake ni maji, kwa hiyo kilo 20 za machicha mabichi zina kilo nne hadi tano tu za chakula.

Ng'ombe anayekula machicha, mashudu na majani mabichi ya masika anapata protini kupita uwezo wa vijidudu kuitumia, kwa sababu hawana wanga wa kuwapa nguvu ya kuijenga miili yao. Protini iliyobaki inageuka amonia, inaingia kwenye damu, na ini linalazimika kuigeuza urea ili itoke kwa mkojo. Kazi hiyo inakula nguvu ambayo ingekuwa maziwa. Bandani utasikia harufu kali ya mkojo inayochoma macho. Kinyesi ni laini, cheusi. Maziwa hayaongezeki, mgongo unaanza kuonekana, na mtaalamu wa kupandisha anakuja kila baada ya wiki tatu.

Hapa, na ni hapa hasa, pumba ndiyo jibu. Punguza machicha hadi kilo 10 au 15, ondoa mashudu kwa muda, weka kilo mbili au tatu za pumba ya mahindi au makopa ya muhogo yaliyosagwa. Maganda ya muhogo mchungu yaanikwe juani mpaka yakauke kabisa, kwa sababu ya sumu yake. Maganda ya ndizi kutoka soko la Mabibo yana sukari na maji na yanafaa kama kionjo, lakini hayawezi kushika nafasi ya mahindi. Na usitunze machicha wazi: kwa joto la Dar yanaanza kuharibika siku ya pili au ya tatu. Yashindilie kwenye pipa lenye mfuniko au mfuko wa nailoni bila hewa, yatakaa wiki kadhaa. Yenye ukungu tupa. Sumu ya kuvu hupita hadi kwenye maziwa, na maziwa hayo wanakunywa watoto wa watu.

Amezaa vizuri, wiki ya tatu anakataa pumba

Ng'ombe mzuri, pengine bora kuliko wote ulionao. Amezaa salama, maziwa yamepanda haraka, kisha kati ya wiki ya pili na ya sita anaanza kuchagua: anaiacha pumba, anakula majani. Anakonda mbele ya macho. Kinyesi kinakuwa kikavu na kidogo. Pumzi na maziwa yana harufu tamu, kama ile dawa ya kufutia rangi ya kucha, ingawa wapo watu ambao pua zao haziinusi kabisa. Wachache huchanganyikiwa, wakilamba ukuta au kutafuna hewa.

Huu ni ugonjwa wa ketosi. Kiwele kinadai glukosi kuliko ini linavyoweza kutengeneza, kwa sababu hamu ya kula huchelewa kupanda nyuma ya maziwa. Mwili unayeyusha mafuta yake ili kuziba pengo. Mafuta yanafika kwenye ini kwa wingi, glukosi haitoshi, na ini linashindwa kuyachoma hadi mwisho. Linatoa ketoni, na ketoni zenyewe zinaua hamu ya kula. Mduara unajifunga. Mashine ikionyesha mafuta ya maziwa yamezidi protini kwa mara moja na nusu wiki hizo, shuku ketosi hata kabla ya dalili. Malai mazito ya ghafla kwa ng'ombe aliyetoka kuzaa ni mwili wake unaoyeyuka.

Kumnywesha soda au maji ya sukari, kama wanavyofanya wengi, hakusaidii sana: vijidudu wa rumeni huimaliza sukari hiyo. Kinachofanya kazi ni glukosi inayotiwa kwenye mshipa na daktari, na propilini glaikoli ya kunywesha, kwa kawaida mililita 300 mara moja kwa siku kwa siku tatu hadi tano. Hii ya pili hupita hadi kwenye ini na kugeuzwa glukosi huko. Mpe majani bora uliyonayo, na pumba kidogo kidogo mara nyingi.

Kinga inaanza miezi miwili kabla ya kuzaa. Ng'ombe aliyekaushwa, yaani aliyeachwa kukamuliwa akisubiri kuzaa, asinenepeshwe. Mbavu za mwisho zipapaswe kwa urahisi bila kutokeza; aliyenona sana kabla ya kuzaa hula kidogo baada ya kuzaa, na ini lake hujaa mafuta. Wiki tatu za mwisho mzoeshe pumba, ukianza na nusu kilo na kufikia kilo mbili au tatu, ili vijidudu wake wawe tayari. Vijidudu huchukua wiki mbili hadi tatu kubadilika, na hilo ni kwa kila badiliko la chakula.

Asiyeinuka ndani ya siku mbili au tatu za kuzaa, masikio yamepoa na shingo imepinda, huyo ana upungufu wa kalsiamu. Ni tatizo jingine. Mwite daktari na usipoteze muda kwa chakula.

Ananenepa, maziwa yanakwisha

Mara nyingi ni ng'ombe aliye kwenye mwezi wa 8 au wa 9 tangu azae, anayelishwa sawa na aliyezaa juzi. Wanga wake unaenda mgongoni. Punguza pumba polepole na umpe yule anayekamuliwa lita 18. Kila ng'ombe alishwe kwa ndoo yake. Kugawa sawa kwa wote ni kumpunja mmoja na kumharibu mwingine.

Desemba hadi Machi kila kitu kinashuka

Mlo haujabadilika, afya ni nzuri, lakini lita tatu zimepotea na malai yamepungua. Ng'ombe mwenye damu nyingi ya Friesian anaanza kuona taabu nyuzi zikipita 25, na sisi tunaishi kwenye 31 hadi 33 na unyevu wa bahari. Uchachushaji wa rumeni nao ni moto wa ndani, na majani hutoa moto mwingi kuliko pumba. Kwa hiyo ng'ombe anafanya uamuzi wake: anaacha majani, anakula pumba. Papo hapo anahema kwa nguvu na kudondosha mate chini badala ya kuyameza, na kule kuhema kunamfanya apoteze bikaboneti kwenye mkojo. Asidi inapanda, kinga yake imepungua. Mlo uliokuwa salama mwezi wa saba unamletea asidi mwezi wa kwanza, bila wewe kubadilisha kitu.

Hamisha saa za kulisha. Majani bora yatolewe jioni jua likishazama, hori lijazwe tena saa nne usiku, na mlo mwingine saa kumi alfajiri. Mchana mwachie kidogo tu. Usiongeze pumba kufidia majani aliyoyaacha. Ukipata mbegu za pamba nzima, kilo moja au mbili huleta nguvu yenye moto mdogo pamoja na nyuzinyuzi. Bikaboneti na chumvi ni za msimu huu hasa. Maji yakae kivulini. Bati liinuliwe juu, na upande wa upepo usizibwe kwa ukuta. Kummwagia maji bila upepo hakusaidii sana kwa unyevu wa Dar, kwa sababu maji hayakauki mgongoni. Feni na maji pamoja, ndiyo.

Utasubiri muda gani?

Kinyesi hubadilika ndani ya siku tatu au nne. Ndoo, kama kilichokosekana ni nguvu, huanza kuitika ndani ya wiki. Malai huchukua wiki mbili hadi tatu, kwa hiyo usibadilishe mlo tena siku ya tano kwa kukata tamaa. Kutaka dume na kushika mimba vinafuata baadaye kabisa, ng'ombe akishaacha kukonda na kuanza kurudisha mwili. Badilisha kitu kimoja kwa wakati na uandike kwenye daftari la bandani tarehe, kilo na lita, asubuhi na jioni. Wiki tatu zikipita na daftari halionyeshi badiliko lolote, acha kugusa hori. Mwite daktari achukue damu na maziwa yakapimwe.